Nimchore Tena Awe Mtu?

Mpendwa Bi Hija, shikamoo. Naomba msaada wako kwa haraka, na unisamehe mwandiko, maana naandika mbio mbio, na mkono huu ninaoandikia ndio unaonilisha mimi na wanangu, tena ndio ninaouogopa kuliko kitu chochote. Barua naileta mwenyewe nimwachie mlinzi wa ofisi ya gazeti lenu, kwa sababu posta itachelewa na mimi sina siku za kungoja.

Kwetu ni Rombo, lakini naishi Mtoni, Temeke, nimepanga chumba na wanangu wawili. Nilikuwa kiwandani nikichora nakshi za kanga mpaka walipotupunguza, nikajaribu maandazi yakanishinda, basi nikarudi kwenye kitu ninachokijua, nikaanza kuchora watu kwa oda, ila si kama wanavyochorwa kwingine, mimi mtu namchora mnyama, yaani nguo zake ni zile zile na anasimama kama anavyosimama, lakini kichwa na mikono na manyoya ni ya mnyama aliyemchagua mwenyewe. Mteja anakaa kwenye kigoda namuuliza, wewe ni mnyama gani, na wote wanacheka kwanza, lakini sijaona hata mmoja aliyekosa jibu. Msusi wa jirani yangu nimemchora chui mwenye kucha nyekundu, bwana mmoja wa kutoa mizigo bandarini Kurasini alitaka awe nyati aliyevaa tai, maharusi wa Keko wametoka twiga wawili na shela ikabidi niirefushe, hata Mzungu mmoja wa Masaki alinijia akasema yeye tangu utotoni anajijua ni bweha, nikamfanya bweha na miwani yake. Nachora kwa rangi ya mafuta kwenye vipande vya hadibodi, manyoya nayavuta unywele mmoja mmoja, ndiyo yanayonipa wateja, na kwenye pembe ya kila picha naweka alama yangu, unyayo wa paka, kwa kuwa mwenyewe nilijichagulia paka. Alama hiyo mtaa mzima unaijua, na sasa naona ndiyo itakayoniua.

Kuna kaka mmoja anaitwa Leonardi, ni kuli wa bandarini, Mnyamwezi, mtu wa mizaha. Alikuja akaniambia mtani wake Mzee Mfaume, Mzaramo wa hapa hapa, kafungua bucha. "Sista, fisi kakabidhiwa bucha, halafu mie nikae kimya? Nichoree Mfaume awe fisi, koti jeupe, kisu mkononi, anacheka mdomo upande." Nikamwambia mimi namchora aliyekuja mwenyewe akajichagulia. Akasema, "Huyo mtani wangu, bwana! Hata siku ya msiba wake ntaingia na kanga kiunoni, ntamtukana, na pilau watanipa." Sisi kwetu tuna utani na Wapare, kwa hiyo mambo hayo nayajua, nikaona hakuna ubaya. Nikaenda buchani nikanunua utumbo ili nimtazame sura, na yule mzee akanikatia na kipande cha ini akasema hicho cha watoto, maskini, kajifunga kitambaa kichwani analalamika kichwa kinamgonga wiki nzima hakiachi. Nikarudi nyumbani nikamchora fisi.

Leonardi akaenda alfajiri akaipigilia picha kwenye mlango wa bucha, nia yake arudi mchana watu wakiwa wamejaa, ajitaje, acheke, adai nyama yake ya utani. Hakuwahi. Mzee Mfaume alipofika kufungua, wanasema alisimama akaitazama, akaanguka na funguo mkononi. Upande mmoja wa mwili wake umelala, maneno hayatoki, na mdomo, Bi Hija, mdomo umekwenda upande, na ni upande ule ule niliouchora mimi.

Tangu siku hiyo sina raha. Fisi unajua anavyosemwa, kwamba ni mnyama wa wenye mambo yao, na watu walishaanza kuunganisha. Yule msusi amenirudishia chui wake, ameiacha picha mlangoni imeelekea ukutani. Nina bibi harusi mmoja, mjamzito, alitaka awe swala, nimefika kwenye macho nikashindwa, nikaogopa nikikosea jicho mtoto atazaliwa vipi, ujue basi nimefika wapi, mimi niliyesoma na kubatizwa. Leonardi nilimfuata akaangalia huku na huku, akasema, "Sista, mie sijui kitu na wewe hujui kitu. Tunyamaze." Sasa akiniona anabadili njia.

Halafu juzi akaja Mama Mwamvita, mke wa Mzee Mfaume. Nilipomwona anavuka mtaro kuja kwangu niliwasukuma wanangu ndani. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akafungua pindo la kanga akatoa picha ndogo ya mumewe, ya kitambulisho. Akaniuliza, "Mwanangu, ndo wewe unachoraga watu wakawa wanyama?" Nikasema ni mimi, mama. Akasema, "Mie sikuja kwa shari, na aliyekutuma sitaki kumjua. Nataka kujua kitu kimoja. Mtu aliyechorwa mnyama, unaweza kumchora tena awe mtu?"

Bi Hija, nililia, nikamwambia mama ile ni rangi tu, lakini alikuwa ananitazama mikono wala hanisikilizi. Akasema mtaalamu waliyemwita amekataza hospitali, kasema sindano ikimtangulia kabla hajatolewa kwenye ufisi atakufa hapo hapo, kwa hiyo wanamkanda na majani nyumbani wakingoja mimi nimrudishe. Akasema wadogo zake mzee walitaka kuja wenyewe, "na wao wangekuja kwa namna yao, mie nikawaambia niacheni nitangulie mimi mwanamke." Akaniachia ile picha ndogo, akasema atapita Ijumaa baada ya swala, nimjibu.

Sasa naomba uniambie. Nikimchora awe mtu, si nimekubali kwamba mimi ndiye niliyemfanya fisi? Nisipomchora, Ijumaa watakuja wale wadogo zake, na unajua mtu akishaitwa mchawi mtaani kwetu kinachofuata. Nawaza nichukue wanangu nipande basi nirudi Rombo, au nijipenyeze buchani niing'oe ile picha, ambayo mpaka leo hakuna aliyethubutu kuigusa, niichome moto mambo yaishe. Usiku nikisikia viatu nje nawaziba wanangu midomo. Biashara hii niliipenda, watu walikuwa wanatoka kwangu wanacheka, sasa naogopa hata kushika brashi. Nisaidie, nakuomba.

Ni mimi, Paka wa Mtoni.

BI HIJA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeirukisha foleni. Yupo bwana mmoja anayetaka kujua kama amuoe mpangaji wake, yeye atangoja, hana mgonjwa ndani.

Pole kwa hofu uliyonayo, si ya kuchekwa, na mwenye kukwambia "puuza tu" hajawahi kukaa Mtoni. Ila usinililie sana, maana nina maneno na wewe. Sheria ulikuwa nayo na ilikuwa nzuri: unamchora aliyekaa mbele yako akajichagulia mnyama wake. Anayejiita chui kajisifu mwenyewe, anayeitwa fisi na mwenzake katukanwa. Ukaivunja kwa sababu ya maneno matamu ya kuli mmoja. Mimi ni Mzaramo, nimetukanwa na Wanyamwezi tangu nina meno ya utoto, nami nimewatukana nikashiba. Utani ni wa ana kwa ana. Mtani anasimama mbele yako, unamwona meno, unamrudishia lake palepale na watu wanacheka. Tusi lililopigiliwa mlangoni alfajiri halina mwenyewe, na mtu akikuta jambo lisilo na mwenyewe mlangoni kwake hawezi kujua ni mzaha. Leonardi alitaka utani, akaishia kutia watu hofu, na wewe ulimpa rangi.

Hilo ndilo kosa lako, na ni hilo tu. La ugonjwa si lako. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba ulipokwenda kununua utumbo mzee alikuwa na kitambaa kichwani, kichwa kikimgonga wiki nzima. Hiyo picha ilikuwa wapi wakati huo? Ilikuwa haipo duniani. Hiyo ni presha, na kilichomwangusha ni kiharusi, kilimchukua baba yangu mzazi na hakuna aliyemchora. Na kiharusi hupinda mdomo kulia au kushoto. Wewe ulichora mdomo umepinda. Pande zenyewe ni mbili, mwanangu, ulitaka upinde upande gani wa tatu?

Rombo huendi. Ukipanda basi leo, kesho mtaa mzima umeshakuhukumu. Na picha huiibi. Ukiichoma kwa siri mzee akapona, watasema mchawi katengua. Ukiichoma akafa, watasema mchawi kamaliza kazi. Kwa kujificha huna njia hata moja ya kutoka salama.

Sasa nisikilize vizuri. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu na sikukiona. Umeuliza kitakachokupata wewe, biashara yako, wanao, na mpaka jicho la swala umelihurumia. Mzee Mfaume aliyekukatia ini la watoto wako yuko kitandani, hajafikishwa hospitali, na anayengojewa ni wewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa mnaoficha ni wengi: mtaalamu anaficha ujinga wake, Leonardi kaficha uso wake, na wewe unajifungia chumbani na jambo ambalo katika mtaa mzima unalijua kwa hakika wewe peke yako, kwamba pale mlangoni hapakuwa na kitu ila hadibodi na rangi.

Umeniuliza, umchore au usimchore. Ukali wangu ungetaka nikwambie usichore, kwa kuwa ukichora umekubali uongo. Lakini ukali wangu haumnyanyui mzee kitandani. Kwa hiyo mchore. Mchore leo, usingoje Ijumaa.

Kwanza pita kwa Leonardi, na akikwambia hajui kitu mwambie Bi Hija kasema humu kabadili majina, lake la kweli analo, na gazeti la wiki ijayo lina nafasi. Atakuja. Kisha mpitieni mjumbe wenu wa nyumba kumi, muende naye, jua likiwa juu na watu wakiona. Usiende peke yako wala usipite uchochoroni. Mkifika, Leonardi ndiye aanze: ni mimi mtani wenu, nilitaka kucheka nikachelewa, nisameheni. Aseme kwa sauti, na alipe kile wazee watakachomtoza, wanajua wenyewe taratibu zao. Watani hawashindwi kusameheana, hata mbele ya mgonjwa. Wewe useme lako kwa ufupi, bila kulia. Mama Mwamvita, nilichora bila kumuuliza mwenyewe, nimekosa, lakini sikumfanya kitu, mimi si mtu wa hivyo. Wakikuamini, alhamdulillahi, abebwe apelekwe hospitali.

Wasipokuamini, na huenda wasikuamini, usibishane nao. Waambie: nitamchora mtu kama mnavyotaka, na mjumbe ni shahidi kwamba baada ya hapo mnampeleka. Gari liwe limeshafika mlangoni. Kaa pembeni ya kitanda, umtazame yeye mwenyewe, achana na ile picha ya kitambulisho, umchore kwa penseli, upesi, sura yake ya siku zote na kitambaa chake kichwani. Hakuna manyoya ya kuvuta wala rangi ya kungoja ikauke. Mpe mkewe karatasi mkononi, kisha shika kona ya shuka msaidiane kumbeba.

Najua unachoniuliza hapo: wataniita mchawi aliyetubu. Huenda wakakuita, na huenda wateja wakakukimbia kwa muda. Hilo ni zito, sitakudanganya, na likikuzidi njoo ofisini uniulizie mimi kwa jina, tutakwenda kwa huyo mjumbe wote wawili. Lakini jina likichafuka linaoshwa, hata mara kumi, mpaka litakate. Maiti inaoshwa mara moja tu.

Bibi harusi na swala wake wangoje. Weka gazeti chini, chukua penseli, uende.