Boila la Mzee Pugh Linatafutiwa Nyumba

Corris, 3 Februari 1993

Mwanangu Mererid,

Hujambo? Mumeo na mtoto nao hawajambo hapo Swansea? Mimi mzima, ila goti la kushoto linalalamika kila nikipanda ngazi, na theluji ya juzi ilinifungia ndani siku mbili. Sikuhisi baridi hata chembe. Boila la makaa linalopasha nyumba joto lilikuwa linanguruma jikoni kama paka aliyeshiba.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unataka nyumba iuzwe, mimi nihamie makao ya wazee Aberystwyth. Sawa. Nimebisha mwaka mzima, sasa nimechoka. Ila nina sharti moja.

Wale wanunuzi wako walipopita hapa, yule mama mwenye koti jekundu aliuliza, "Na hili dude mtaling'oa lini?" Dude! Boila nililolifunga kwa mikono yangu mwaka 1938, wiki mbili kabla ya kumwoa mama yako. Nimefunga mabomba katika nusu ya nyumba za bonde hili, lakini kazi niliyoifanya kwa moyo wote ni ile. Bado linapasha vyumba vyote vinne vya chini, na makaa halili mengi.

Sitaki liende kwa wauza vyuma chakavu. Litafutie mtu atakayeliwasha. Tangaza gazetini. Siku utakayonipa jina na anwani, nasaini karatasi zako.

Baba yako

*

Swansea, 24 Februari 1993

Shikamoo Baba,

Natumaini goti limepoa. Sisi hatujambo, mtoto ana mafua tu.

Mtu amepatikana! Anaitwa Tegid Rowlands, mwalimu mstaafu, anakaa Llanidloes, Mtaa wa Mto, namba tisa. Aliona tangazo akaniandikia kurasa tatu. Anauliza kama wavu wa chuma unaoshikilia makaa ni wa asili, kama mlango wa majivu unafunga vizuri, na kama rangi ya kijani imebanduka. Nilicheka peke yangu: nikasema huyu na Baba wametoka tumbo moja. Analitaka la kutumia jikoni kwake mwenyewe, si la maonyesho.

Atakuja na trela ukishahama. Ni afadhali usiwepo likifunguliwa, Baba, utaumia bure. Karatasi nimeziweka humu ndani, saini penye alama ya msalaba.

Mwanao

*

Aberystwyth, 11 Aprili 1993

Mwanangu Mererid,

Hujambo? Mimi nipo. Chakula si kibaya, mkate wa matunda unazidi wa kanisani kwetu, lakini usimwambie mtu. Chumba changu ni namba sita, kina joto la umeme linalokausha koo.

Wanasema nyumba ilikabidhiwa mwezi uliopita. Je, Rowlands alilichukua salama? Ameshaliwasha? Mwambie mlango wa majivu aunyanyue kidogo kabla ya kuuvuta, la sivyo bawaba itakatika. Na asikubali mtu amuuzie makaa laini. Nilitaka kumwandikia mwenyewe, lakini nikaona nikuulize kwanza.

Baba yako

*

Swansea, 9 Mei 1993

Shikamoo Baba,

Pole na koo. Weka bakuli la maji chini ya dirisha, litasaidia.

Boila liko kwake na linawaka vizuri sana. Mkewe anakausha soksi juu yake, na nyumba nzima ina joto. La bawaba nimemwambia, akakushukuru. Ila usimwandikie kwa sasa, mkewe anaumwa na hapendi kusumbuliwa. Habari zake nitakuwa nakuletea mimi.

Mwanao

*

Aberystwyth, 18 Julai 1993

Mererid,

Mimi mzima.

Juzi Ijumaa nilipanda basi kwenda Llanidloes. Nilikuwa na wavu wa akiba, niliouficha chini ya kitanda miaka yote ile, nikaona nimpelekee yule bwana mwenyewe, niuache mlangoni hata kama hataki wageni.

Alifungua mlango akiwa na kijiko mkononi. Nikamwambia jina langu. Akapiga kelele, "Mzee Pugh! Hatimaye! Nilimwandikia binti yako mara mbili, kimya. Nikajua mmempa mtu mwingine."

Nikamwuliza, "Kwani hilo boila huna wewe?"

"Ningekuwa nalo ningekuuliza?"

Nikamwuliza mkewe anaendeleaje. Akanitazama. "Mimi sijawahi kuoa, mzee wangu."

Akanishika mkono akanipeleka jikoni. Pale kwenye kona amemwaga zege, amelisawazisha kwa pima maji hadi unaweza kuweka yai lisiviringike. Tundu la bomba la moshi ameshalitoboa ukutani, ameliziba kwa gunia lisipitishe upepo. Alisema alikuomba wiki mbili tu, zege likauke. Alilia, Mererid. Mtu mzima wa miaka sabini, analia mbele yangu na kijiko mkononi, na mimi ndiye niliyembembeleza.

Boila liko wapi? Nijibu kwa mstari mmoja.

Baba yako

*

Swansea, 1 Agosti 1993

Baba,

Shikamoo. Mstari mmoja: lilivunjwa kwa nyundo tarehe kumi Machi, vipande sita, likapakiwa kwenye lori la vyuma chakavu.

Sasa unisomee na mingine. Wanunuzi walitaka jikoni pawe patupu kufikia tarehe kumi na mbili, na sikuwa tayari kupoteza nyumba kwa sababu ya zege la mwalimu. Nilisimama mlangoni nikatazama likivunjwa. Ulitaka nijute? Niliwaomba wale vijana waanze na mlango wa makaa.

Unakumbuka kwa nini? Mama alipokuwa anakufa kule juu, wiki tatu, mikono yake baridi kama samaki, alikuomba kitanda chake kishushwe jikoni. Nilikuwepo. Ulimwambia, "Olwen, kitanda kitaziba mlango wa makaa." Ukarudi chini kusafisha boila. Alifia ghorofani na koti lake mwilini.

Sauti zote za boila lile unazijua. Mjukuu wako ana miaka minne na hujawahi kuandika jina lake. Liandike mara moja tu, tuone kama unalijua.

Mwanao

*

Swansea, 19 Desemba 1993

Shikamoo Baba,

Miezi minne sasa. Wauguzi wananiambia kwenye simu kwamba hujambo na unakula. Nilikuwa na hasira. Yale ya nyundo sikupaswa kuyaandika vile, hata kama ni kweli. Na habari ya mke wa Rowlands niliitunga nikiwa nakunywa chai, bila hata kufikiri.

Nimekutumia soksi. Anaitwa Non.

Mwanao

*

Swansea, 29 Machi 1994

Shikamoo Baba,

Nashindwa kujua nianzie wapi.

Jumapili nilipoingia chumbani kwako ulisimama, ukanipa mkono, ukaniambia, "Karibu bibi, umetoka mbali?" Nikadhani unatania. Ukanimiminia chai. Ukaniuliza kama nina watoto. Nikasema ninaye mmoja, Non. Ukasema, "Jina zuri." Ukanieleza habari za hali ya hewa, ukanisindikiza hadi mlangoni, ukaniaga kwa heshima zote.

Nililia kwenye korido. Nikamwambia muuguzi, mbona hamkuniambia kwamba Baba amepoteza kumbukumbu? Akashangaa. "Mzee Pugh? Asubuhi ya leo kanifunga drafti mara tatu. Anakumbuka siku za kuzaliwa za wauguzi wote. Na kila Jumatano anamwandikia rafiki yake wa Llanidloes."

Baba, umenisahau au unajifanya? Ukitaka kunitukana, nitukane. Nipigie kelele. Lakini niite jina langu.

Mwanao,
Mererid

*

Aberystwyth, 5 Aprili 1994

Bibi,

Salamu. Nashukuru kwa barua yako, na kwa kuja kututembelea. Wazee wa hapa hufurahi wakipata wageni.

Unauliza kama nimekusahau. La hasha. Uliketi karibu na dirisha, na chai yako hukuitia sukari.

Wageni hupokelewa Jumapili, saa nane hadi saa kumi. Ukipenda kuja tena, tafadhali jiandikishe mlangoni.

I. Pugh
Chumba Na. 6