Sabiha, Baba Amehama Bondeni

Mwaka umetimia, Sabiha, tangu homa ya ghafla ikutoe mikononi mwetu, ukiwa umebakiza muhula mmoja tu umalize digrii yako ya uhandisi ujenzi. Mpaka leo Mama akikuta tope barazani, hufungua kinywa akuite.

Ulikuwa mcheshi, mwenye huruma, na mbishi kwelikweli. Ukija likizo Mlingotini, kabla hujatua begi, shikamoo zako zilishafika nyumba ya nne. Jioni ulifundisha hesabu watoto wa mtaa mzima, na aliyekosa ulimtania mpaka akapata.

Somo la udongo lilikutoa jasho. Mwaka wa pili ulipata sapu, ukaja nyumbani macho yamevimba, ukisema hujawahi kuona udongo wenye hesabu nyingi hivyo. Ulirudia mtihani, ukafaulu, na kuanzia hapo tukakoma sisi. Kila safari ulikuja na vifuko vya udongo, wa Kaole, wa Lugoba, wa popote ulipopita, ukaukausha kwenye sufuria ya Mama ya pilau.

"Sabiha, mwanangu, hiyo sufuria ya wageni!"

"Huu nao mgeni, Mama. Umetoka Lugoba."

Jirani yetu Bi Zaina naye ana lake. Alikuona shambani ukisaga udongo kwa meno ya mbele, kama mlivyofundishwa ili kutambua kama una chembe za mchanga, akaja mbio kumnong'oneza Mama kuwa binti yake ana mimba, ameshaanza kula udongo. Mama akakuita ndani, akafunga mlango. Punde tukasikia vicheko vya watu wawili. Bi Zaina akikutaja hucheka kwanza, ndipo analia.

Lakini uliyemsumbua kuliko wote ni Baba. Alikwisha kukusanya matofali ya nyumba yetu mpya kule bondeni, karibu na msikiti, palipokuwa na nyumba ya Babu. Ukachimba shimo, ukatoa udongo mweusi, ukautia maji kidogo na kuuviringisha kiganjani mpaka ukawa mwembamba kama tambi, wala haukukatika.

"Baba, ukiviringika hivi ni mfinyanzi. Masika utavimba, kiangazi utanywea, na ukuta utapasuka. Tujenge kule juu kwenye mikorosho."

"Babu yako aliishi hapahapa mpaka anazikwa."

"Nyumba ya Babu ilikuwa ya miti na udongo, Baba. Ikipasuka inakandikwa. Tofali halikandikwi."

Baba akasema atafikiria, na sote tunajua Mzee Mikidadi akisema atafikiria maana yake nini. Ulirudi chuoni bila jibu. Kila ukipiga simu ulituuliza, "Baba ameshahama bondeni?" Hata ulipolazwa uliuliza, nasi tukakujibu kuwa bado anafikiria.

Sasa tukusimulie usiyoyaona. Siku ya maziko, watu walipoanza kutia udongo kaburini, Baba alichota wake akabaki nao mkononi. Kaka yako Twalha, aliyekuwa ubavuni pake, alimwona akiuviringisha kiganjani, taratibu, kama ulivyomwonyesha. Watu wakamsubiri. Wengine walidhani majonzi yamemzidi, wakataka kumshika. Udongo ukakatika. Akauviringisha tena, ukakatika tena.

Akamgeukia Twalha, machozi yanamtiririka. "Una mchanga huu," akasema. "Hauvimbi. Mwanangu atalala vizuri."

Ndipo akautia.

Baada ya arobaini alituamsha sote tukapandishe matofali kwenye mikorosho, yeye akiwa mbele, hataki kupokewa. Tumejenga. Masika yamepita na kiangazi kimepita, na ukuta hauna ufa hata wa kupitisha unywele. Baba huupapasa kila akitoka kuswali alfajiri, halafu anakuombea dua palepale.

Tunaokukumbuka ni baba yako Mikidadi, mama yako Habiba, dada yako Hafidha, kaka yako Twalha, Bi Zaina, na watoto uliowafundisha hesabu. Mwenyezi Mungu akurehemu na alipanue kaburi lako.

Tunakupenda, Sabiha, na hutatutoka moyoni maisha yetu yote. Na lile swali lako la kila simu tunalijibu leo: ndiyo, mama, Baba amehama bondeni.