Baba Mkwe Amevuka Jangwa

Jumatatu, 4 Machi

Baba mkwe ameandika kitabu. Maisha yake mwenyewe! Jalada gumu, picha yake mbele akitazama mbali kama mtu aliyeachwa na basi. Amenikabidhi kwa mikono miwili. Kinazinduliwa Jumamosi na msemaji ni mimi, kwa sababu kila wiki naandika gazetini ukurasa wa vitabu vya maisha ya watu wa ajabu: waliozama, waliotoroka, waliofufuka nusu.

Nikauliza mbona kinene. Baba alikuwa mkaguzi wa mizani. Alipita madukani kuona kama kilo ni kilo, jioni akarudi nyumbani. Akasema nisome kwanza.

Sishtuki ovyo. Nimeripoti mafuriko, migomo, na waziri aliyezimia katikati ya sentensi.

Jumanne, 5 Machi

Sura ya pili. Baba amevuka jangwa kwa baiskeli.

Nimesoma tena. Jangwa. Baiskeli.

Tukikunja nguo nikamuuliza mke wangu, kistaarabu, kama babake anajua baiskeli. Akasema alijaribu mara moja, akaishia ndani ya banda la kuku la jirani. Tangu hapo ni miguu. Akataka kujua nauliza ya nini. Utafiti tu, nikasema. Hakuamini.

Sura ya nne ameishi na nyuki. Ya saba ametua na ndege barabarani, injini imezimika, abiria wanaimba. Huyo rubani namfahamu. Yuko kwenye rafu yangu, upande wa dirisha.

Jumatano, 6 Machi

Nimeteremsha vitabu vitatu na kuvipanga sambamba na cha Baba. Ndivyo alivyoazima kwangu wakati anauguza goti. Nilifurahi siku zile: mzee amependa kusoma.

Ni wizi, lakini si wa kunakili tu. Hapo ndipo nilipotafuta kiti.

Nikisoma huwa na penseli. Nisiposadiki, nauliza pembeni mwa ukurasa. Kwa mvuka jangwa niliandika: “Maji alipata wapi?” Mwenyewe hasemi. Baba anasema — kwa wachimba chumvi, viriba viwili, kimoja kikavuja. Kwa rubani: “Magari yalisimamishwa na nani?” Kwa Baba kuna mchungaji anayevusha mbuzi, foleni mpaka kilimani. Kwa mtu wa nyuki: “Mbona hakuvimba?” Baba amevimba ukurasa mzima.

Ni vizuri kuliko vya wenyewe. Nasema hivyo kikazi.

Halafu shukrani, mwishoni: “Kwa mkwe wangu, ambaye bila maswali yake kitabu hiki kisingesimama.”

Basi wezi tuko wawili.

Alhamisi, 7 Machi

Mhariri wangu tunamwita Mkasi. Hata matangazo ya vifo huyapunguza. Anataka uhakiki kesho. Nikamwambia kitabu kina tatizo la vyanzo. Niandike hivyo hivyo, akasema, kwa maneno machache. Nimeandika: “Mwandishi amesoma sana.” Nimekwama hapo.

Nyumbani nikamweleza mke wangu yote. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akaacha. Akanikumbusha kwamba kwenye shughuli za ukoo kaka zake husimulia safari zao, na Baba huombwa asogeze viti.

“Ukimuumbua mbele za watu,” akasema, “uhamie huko huko rafuni.”

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kwa Baba. Katika kazi yetu anayetuhumiwa hupewa nafasi ya kujibu, awe mkwe, awe nani.

Alikuwa anapiga pasi suti ya kesho. Nikaweka vile vitabu vitatu mezani. Akavitazama kama jamaa waliofika bila taarifa. Hakukana. Akasema mwanzoni aliandika yake ya kweli, yote, bila kuficha.

“Zikatoka kurasa tisa, mwanangu. Na mbili ni za goti.”

Alipowapa wanawe wasome, walimsifu mwandiko.

Nikauliza ziko wapi. Zimo, sura ya sita. Kweli, niliipita kama mtu anayepumua kati ya jangwa na ndege. Nimeirudia jikoni kwake, yeye anakunja suruali. Mama mmoja sokoni, mizani yake mbovu. Lakini inamwibia yeye! Kwa miaka, kila mteja anaondoka na zaidi ya alicholipia. Sheria haiangalii nani anaibiwa. Baba akairekebisha na kuipiga muhuri. Wiki hiyo hiyo wateja wakamwita yule mama mwizi. Mama akamwita Baba mchawi.

Nikamwambia hii haimo kwenye kitabu chochote nilichosoma.

“Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuniuliza,” akasema, akazima pasi.

Nimempigia Mkasi kwamba uhakiki haujawa tayari. Amenipa pole. Anadhani nimefiwa.

Jumamosi, 9 Machi

Ukumbini. Naandikia magotini, chini ya kitambaa cha meza kuu. Watu tele. Shemeji, mshereheshaji wa leo, amemkaribisha “mzee wetu, simba wa jangwa”. Makofi. Baba anang'aa. Kaka zake mke wangu ndio wanaosogeza viti.

Mama mkwe yuko kushoto kwangu, anajipepea. Nimemnong'oneza kama amekisoma. Amekisoma chote.

“Kila jioni alikuwa nyumbani anadai chai,” anasema. “Jangwa alilivuka saa ngapi?”

Nikauliza basi niseme nini. Nisimtafutie Baba ubaya, anasema. Mimi nitakwenda zangu, yeye ndiye anayerudi naye nyumbani.

Bwana mmoja amesimama nyuma. Fundi baiskeli. Anaomba kujua, kwa heshima zote, matairi yale yalifanywaje mchangani.

Baba ananitazama mimi. Shemeji anatangaza kwamba msemaji mkuu amekichambua kitabu neno kwa neno, atajibu yeye.

Maiki inakuja. Safu ya pili. Ya kwanza. Nimefungua sura ya sita. Baba ameuona ukurasa — anatikisa kichwa, polepole, hapana. Mama mkwe ameacha kujipepea. Maiki imefika, ina joto la mikono ya watu, na mimi naweka penseli chini, kidole kikiwa bado kwenye sura ya sita.