Fyuzi moja ya baba mkwe

Weee, uko? Usinipigie, siwezi kuongea. Nimekwama ndani ya ile ndege anayoijenga baba mkwe gereji kwake, na mwenyewe yuko hapa ubavuni, magoti yetu yanagusana. Magoti! Na baba mkwe!

Si nilikwambia alivyofunga nyaya? Pampu ya mafuta, redio, taa, hata kufuli la mlango, vyote kwenye fyuzi moja. Nilimwambia kila kitu kiwe na fyuzi yake. Akanijibu, "Mwanangu, hii si nyumba. Kila waya ni uzito."

Leo kaniita nikae nione kazi yake. Kafunga mlango, kawasha taa, cheche hizo! Imepiga shoti, fyuzi imeungua, kila kitu kimezima. Mlango haufunguki ng'o.

Mama mkwe kaja na bisibisi. Kwa nje ni kulegeza skrubu chache tu. Hataki! Kasimama nyuma ya kioo: "Sifungui mpaka akubali kuzifunga upya hizo nyaya." Mzee kanuna.

Basi mama akanigeukia mimi. Mimi! "Wewe ndiye fundi umeme, mwanangu. Fyuzi moja inatosha?"

Ndugu yangu, mzee ananikodolea macho, pumzi zake nazisikia shingoni. Ningesema nini?

Nimesema, "Inatosha, mama."

Bisibisi katia mfukoni, karudi zake ndani. Mzee kanipiga begani, kicheko mpaka masikioni: "Jumamosi tunaruka, mimi na wewe."