Kipande cha Jezi Namba Nne

Kaka Sule,

Assalamu alaykum. Najua hujibu, lakini nshazoea kukusalimia kabla ya kukusema.

Arobaini yako imepita. Nguo zako tumezitoa sadaka. Mama alizifunga mwenyewe kwenye shuka, kanzu zako, suruali za kazi ya bandarini na ile jezi yako namba nne, khalati, nduguye mama, akaenda kuzigawa kwao Mkokotoni. Sikukumbuka kuizuia jezi. Najuta, kaka, na utaona kwa nini.

Unakumbuka mambo yalivyoanza? Mtoto wa ami alikuja na kadi kutoka Maskati, ya mchezaji wa Ulaya, ngumu, ina kidirisha katikati, na ndani ya kidirisha kipande cha jezi aliyoivaa uwanjani. Uliniwekea puani. "Nusa, Zuhura, jasho la mpira hilo." Nkakwambia nasikia gundi tu. Ukacheka, ukasema na timu yetu ya Jang'ombe itakuwa na kadi zake.

Basi ukaziomba kwa wenzio jezi zilizochakaa, ati za kufutia baiskeli. Mimi nkakata vipande na kupinda kingo kwa cherehani. Wewe ukakata nyuso kwenye picha ya timu, ukabandika kila uso kwenye manila pamoja na kipande cha jezi ya mwenyewe. Ulitaka kuwapa iwe sikukuu yao, zawadi ya Idi, kwa hivyo mtu asijue. Hapo ndipo palipoharibika.

Haji, winga wenu, akavunjika mguu. Mama yake, Bi Mwanaidi, akaja kuniletea kitambaa cha kushona, akaikuta kadi juu ya cherehani. Uso wa mwanawe umekatwa na kugandishwa na nguo yake yenye jasho! Kwetu mtu hata nywele zake hatupi ovyo, seuze hivyo. Chini ulikuwa umeandika "Haji, mwepesi kuliko wote", lakini hakufika kusoma hapo. Alitoka analia mpaka barazani. Nikamkimbilia na kopo zima la kadi, nikimwambia tazama, bibi, ni za timu yote. Ndiyo kwanza nkatia petroli motoni. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulishajua kuwa umeiroga timu yote.

Hakuna aliyekufukuza. Walikusalimia, wakala nawe sahani moja hitimani. Ila uwanjani hukupigiwa pasi tena. Nilikuona mwenyewe unakimbia huku na huku umenyoosha mkono, na mpira unapita kando yako kama hupo. Nkakwambia twende kwa Haji tukamweleze. Ukasema, "Wacha, Zuhura. Mtu akishaogopa, ukimweleza unamwongezea." Tangu siku ile ukitoka kazini bandarini Malindi ulizunguka njia ya nyuma usipite uwanjani. Miaka yote ile, kaka! Laiti ningekushika mkono nikakuburura. Kisha ikaja homa, siku chache tu, na wewe ukenda zako.

Wiki iliyopita Haji alibisha hodi. Bado anachechemea. Aliliomba lile kopo, nkampa kwa hasira. Akakaa akazipanga kadi mkekani kama mlivyokuwa mkipangwa, kipa nyuma, kisha mabeki, yeye pembeni. Yake aliisoma, akairudia kuisoma. Pakabaki pengo la namba nne. Akaniuliza wewe uko wapi. Nikamtolea ile picha ya timu, matundu matupu kila kichwa, uso uliobaki ni wako tu. Wote uliwatengenezea, wewe hukujitengenezea.

Haji akasema, "Ningemuuliza tu. Neno moja, Zuhura."

Nilikuwa na maneno yangu ya kumwambia, nimeyaweka miaka. Lakini alikuwa analia, na mtu mzima akilia mbele yako unayameza.

Nkamwambia jezi yako imetolewa sadaka Mkokotoni; kesho yake akenda kuitafuta. Aliikuta jezi yako mwilini mwa muuza pweza pale sokoni. Akamwomba, muuza pweza akakataa, sadaka haidaiwi, na wallahi ni kweli. Wakakubaliana akate upindo wa chini tu. Haji aliniletea umefungwa kwenye gazeti. Nusa, kaka. Unanuka pweza.

Nimekutengenezea kadi. Mshono umekwenda upande, nisamehe. Haji aliniomba akamwoneshe mama yake, nkasema la, kisha nkampa. Haikurudi. Bi Mwanaidi ameiweka kabatini, mbele ya vikombe vya wageni, na mgeni akiuliza anamwambia mwenyewe, "Huyu Sule, beki wetu." Ungelisikia neno hilo ukiwa hai, ningelala vizuri zaidi.

Pumzika, kaka. Mola akupanulie kaburi lako na akutilie nuru. Nakuahidi jambo moja. Idi ikifika nitazichukua zile kadi zilizobaki, nitapita mlango kwa mlango, mchana kweupe, kila mmoja nimpe yake mkononi. Nitawaambia Sule amewaletea sikukuu, imechelewa tu.

Ndugu yako,
Zuhura