Nilimwambia Fundi Picha Ziko Inje

Mpendwa mshauri Ketura, nakuandikia nikiwa nimefunga, kwa hiyo hata maji ya kutuliza moyo siwezi kunywa, na ninakuomba ukiisoma barua hii redioni usinitaje jina, kwa sababu mume wangu hukusikiliza akiwa ndani ya lori anapoteremsha kahawa kutoka Kyarumba kwenda Kasese, na jambo lenyewe linamhusu yeye na marehemu mama yake.

Mimi nina chumba cha kupiga chapa hapa Bwera, karibu na soko, nachapa barua, natoa fotokopi, naskani picha, na kompyuta yangu ilikuwa na Windows ya zamani, ile XP, tulikuwa tumezoeana kabisa, ila mwaka huu walimu wakaanza kuniletea kazi kwenye flashi na kompyuta ikawa haizifungui, wakanicheka, wakahamia kwa jirani, ndipo nikamwita fundi Maate wa Mpondwe aniwekee Windows 7.

Sasa, mshauri, picha za mama mkwe zilikuwa humo. Niliziskani wakati nilipokuwa najifunza kutumia skana, yeye ameshafariki, halafu albamu nikairudisha Kilembe kwa shemeji yangu, na mwaka jana mto Nyamwamba ulipofurika uliingia nyumbani kwake ukaondoka na albamu pamoja na kabati lake, kwa hiyo picha zilizobaki duniani ni hizo zangu tu, na kuna moja ambayo mama amempakata mume wangu akiwa mtoto mchanga, wako mbele ya nyumba za mgodi, na mama anacheka kweli kweli. Mume wangu ameshatengenezesha fremu kubwa kwa seremala. Anasema dada zake wakija Idd wamkute mama ukutani.

Basi Maate alipokaa kwenye kiti changu aliniuliza kwa Kiswahili chao cha mpakani, "Mama, kuna kitu iko ndani ya C?" Nami sikusita, nikamjibu hivyo hivyo, "Hapana, picha yangu yote iko inje, ndani hamuna kitu." Na sikusema uongo, kwa sababu picha nilikuwa nimezipanga usoni pa kompyuta, pale ambapo ukiwasha tu unaziona, kama viti vya barazani, sijawahi kuziweka ndani ya kitu chochote. Akasema sawa, akatia CD yake, akafanya kazi yake akaondoka, na mimi nilipokaa uso ulikuwa mtupu, rangi ya bluu na pipa la taka peke yake.

Nilimpigia simu, akanijibu kwa upole kwamba kama zilikuwa inje basi bado ziko inje, nitafute kwenye flashi zangu. Nimefungua flashi zote, hata za wateja, Mungu anisamehe. Kitu kipya nilichokiona ni folda moja inaitwa Windows.old, nikaichungulia nikakuta majina ya Kizungu nisiyoyajua, nikaifunga, na Maate anasema hayo ni mabaki ya ile ya zamani, yanakula nafasi bure, Alhamisi atapita kuifuta.

Jirani yangu Medius, muuza vitambaa, anasema nisijisumbue, nimwambie mume wangu kwamba umeme ulikuja kwa nguvu ukaunguza kompyuta, nani atabisha. Mume wangu anarudi Ijumaa na fremu yake. Sijawahi kumdanganya, na sijawahi kuogopa kumtazama usoni kama ninavyoogopa sasa. Nisingizie umeme, au nimwambie kwamba mke wake ndiye aliyemfuta mama yake?

Mimi mpiga chapa, Bwera.

*

Mpiga chapa, nyamaza kulia na utoe mkono kwenye mausi. Barua yako imeruka foleni yote ya watu wanaolalamikia wakwe walio hai, kwa sababu leo ni Jumatano na Maate anakuja kesho. Mpigie simu sasa hivi, jibu langu utalisikiliza huku unapiga. Mwambie folda ya Windows.old haiguswi. Akikuuliza kwa nini, mwambie mama mkwe wako yumo.

Ndiyo, umesikia vizuri. Kabla ya redio mimi nilikuwa karani kambini, nikipiga chapa barua za maafande, na kompyuta zetu zilibadilishwa Windows hivi hivi, na nilijifunza mambo haya kwa kufokewa. Kwa hiyo nisikilize.

Uso wa kompyuta si baraza, dada yangu. Kila unachokiona pale kimelala ndani, ndani ya hiyo hiyo C, diski ya kompyuta yenyewe, uliyosema haina kitu. Maate aliuliza swali la maana. Ulipomjibu iko inje, akafikiri umeziweka kwenye flashi, kwa sababu kwa fundi hiyo ndiyo inje. Mkaelewana vizuri sana, kila mtu na lake. Wewe ulipaswa kumwonyesha picha kwa kidole, na yeye alipaswa kutazama kwa macho kabla ya kutia CD. Nawagombeza wote wawili.

Lakini folda hiyo inanipa furaha. Fundi akiifuta C kabisa, Windows.old haitokei. Hutokea pale anapoweka Windows mpya bila kufuta iliyokuwepo, na mashine yenyewe inakusanya vya zamani na kuvisogeza pembeni. Yale majina ya Kizungu yaliyokutisha ni nyumba yako mwenyewe. Ifungue. Ingia kwenye Documents and Settings. Utaona jina ulilokuwa ukiingilia zamani, bonyeza hapo, na ikikuuliza kama unataka kuendelea, endelea. Ndani yake kuna folda inaitwa Desktop. Huo ndio uso wako wa zamani, na picha zako zimepangwa humo.

Usizihamishe, zinakili. Nakala moja ikae kwenye flashi yako, nyingine mpelekee shemeji Kilembe, na mwambie aiweke mahali ambapo mto haufiki. Fungua kila picha uione kwa macho yako. Ukimaliza hayo yote ndipo Maate aje afute anachotaka, na umpe chai baada ya futari, maana kijana wa watu hakukukosea sana.

Tuje kwenye umeme. Medius auze vitambaa. Umeme una makosa yake, usiubebeshe na lako. Ungemdanganya mumeo kuhusu mama yake, tena katika mwezi huu, halafu kila Idd ungekaa chini ya ukuta mtupu ukijua kwa nini ni mtupu. Najua hofu yako, na imeniuma kuisoma. Mtu akipoteza mama mara mbili, nani anataka kuwa wa pili kumpelekea habari? Hata hivyo utamwambia, tena utamwambia kabla hajaingia ndani na fremu.

Na usijidanganye kwamba nimekuficha. Mpiga chapa wa karibu na soko la Bwera, mume wa lori la kahawa, mama wa Kilembe: ikiwa redio ya lori ni nzima, mumeo saa hii amepaki pembeni ya barabara na simu iko mkononi. Ikilia, ipokee. Usianze na Maate, wala CD, wala Windows. Mwambie hivi tu: "Nilidhani nimemwacha mama nje, kumbe muda wote alikuwa ndani."