Maiki ya Fundi Haikuzimwa

Shoga, funga hilo duka la Fundi kwanza unisome. Nimejifungia chooni hotelini.

Si unajua Fundi alitushonea magauni ya sare kwa ajili ya wikiendi hii ndefu, mimi, yeye na dada yangu? Leo mchana tumeyavaa kwenda kula kwenye mgahawa wenye bendi. Kiongozi wa bendi akaomba mteja apande kuimba. Tukamsukuma Fundi. Makusudi! Sauti yake unaijua.

Shoga, aliimba. Mhudumu aliganda na sahani mkononi, hajui acheke au akimbie.

Akarudi mezani anatabasamu na maiki mkononi, ile isiyo na waya. Akaiweka kando ya sahani yangu, akaenda kunawa.

Hakuizima. HAKUIZIMA!

Dada akaanza: "Mbuzi anayechinjwa ana nafuu." Mimi nikadakia: "Tungemwacha nyumbani, ila nani angetuendesha?"

Ukumbi mzima ukatugeukia. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe kwenye spika. Nani angetuendesha!

Fundi akatoka, mikono inachuruzika maji. Hakulia. Akazima maiki, akakaa, akasema, "Kuleni, chakula kinapoa."

Na tukala, shoga. Tukala!

Kwenye gari akaniuliza kitu kimoja tu: "Na huyu niliyemwachia ufunguo wa duka, naye hunisema hivyo?"

Nikaona siwezi kuzama peke yangu. Nikamwambia wewe ndiye uliyeanzisha kumsema.

Akikupigia usipokee. Na ufunguo wake uweke tayari.